MUULIZE MJOMBA: Farasi mdogo hanijui, na mimi nimesahau kupanda

Kamwene wasomaji wangu. Mwezi huu meseji za farasi zimeingia nyingi, nikasema basi ukurasa wote tuwape wao, wa kuku na nguruwe mnivumilie mpaka toleo lijalo. Naanza na ya dada wa Mafinga ambayo ni ndefu, alafu mbili fupi, ya Njombe na ya Uyole.

SWALI

Shikamoo Mjomba. Mimi ni mama wa miaka 41, niko Mafinga. Nilikulia kwenye mashamba ya chai kule Mufindi, baba alikuwa mfanyakazi pale na kulikuwa na farasi, toka nina miaka 9 mpaka 15 nlikuwa napanda karibu kila Jumapili tukitoka kanisani, farasi mmoja mzee mpole kiasi kwamba hata ukisinzia mgongoni anakurudisha nyumbani. Baadae shule ya bweni, ndoa, watoto, biashara ya mbao, miaka zaidi ya 25 sijamgusa farasi.

Sasa mwaka huu shemeji yangu kanunua farasi jike mdogo kwa mtu aliyekuwa anauza mifugo yake yote, wakamwambia ana miaka 4. Ni wa kijivu, tumemwita Ukungu. Siku ya kwanza nlivyoinusa ile harufu yake nlitokwa machozi Mjomba, siongopi. Nikajua tutakuwa marafiki.

Lakini hanitaki. Nikiingia uwanjani na kamba anaondoka, nikimfuata anakimbia, nikimpata anasimama kichwa juu kama anatafuta njia ya kutokea, alafu nikimwongoza ananisukuma na bega kama mi sipo. Nampelekea miwa, anakula, akimaliza anageuka. Wiki tatu zilizopita asubuhi nikasema liwalo na liwe, kijana wetu akamshika nikapanda, hata dakika 2 hazikuisha akaruka mgongo juu nikaanguka, nyonga mpaka leo inauma. Shemeji anasema nimchape aniheshimu. Kijana anasema niongeze miwa. Na mimi sasa nikimkaribia tu mikono inatetemeka, kitu ambacho utotoni sikuwahi kukijua. Yupo peke yake, anashinda na ng'ombe wa maziwa. Nifanyeje ili anizoee? Au umri umenipita?

JIBU

Marahaba mwanangu. Kwanza pole na hiyo nyonga, na kama inauma wiki ya tatu nenda kapige picha hospitali kabla hujaendelea kusoma. Umri haujakupita, miaka 41 ni mapema, mi nimewafundisha watu wenye wajukuu. Kilichotokea ni kwamba unamwendea huyu mtoto kama vile ni yule mzee wa Mufindi. Yule mzee alikuwa amefundishwa na watu wengine miaka mingi kabla wewe hujampanda, we ulikuta kazi imeisha, ukaonja utamu tu. Ukungu hajafundishwa kitu, na anayetaka kumfundisha ni mtu aliyekaa miaka 25 bila kupanda. Hapo kuna wawili wasiojua na hakuna wa kumwambia mwenzake usiogope.

Ndo maana nakuomba, na naomba kwa dhati kabisa, usipande tena mgongoni mwake mwaka huu.

Najua umenuna. Sasa fanya hivi, mwambie kijana amshike, wewe inua taratibu mdomo wake kwa pembeni uangalie meno ya mbele. Farasi anabadilisha meno ya utoto ya mbele kwa mpangilio, mawili ya katikati yanatoka akiwa na miaka 2 na nusu hivi, yanayofuata miaka 3 na nusu, ya pembeni miaka 4 na nusu, akifika 5 mdomo umejaa. Ukikuta yale ya katikati tu ndo makubwa, juu 2 na chini 2, na mengine bado madogo meupe, basi huyo hajafika hata miaka 3 na nusu na aliyewauzia kawadanganya au na yeye alidanganywa. Na hata akiwa na 4 kweli, mifupa ya uti wa mgongo wa farasi ndo inachelewa kukomaa kuliko yote, mpaka miaka 5 na nusu au 6. Haimaanishi asibebe kitu mpaka hapo, wengi wanaanzishwa taratibu wakiwa na 3 au 4, ila unaanza na mtu mwepesi anayejua kazi, dakika 10 au 15, siku chache kwa wiki. Kwa farasi mzima watu wengi wanashika kipimo kwamba mzigo wote, mtu na matandiko, usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wake. Farasi wa kilo 400 ni kilo 80 na hiyo ni kwa aliyekomaa. Inawezekana Ukungu hakukurusha kwa jeuri, mgongo ulimuuma au tandiko lilimbana. Lile tandiko mlilipimisha au lilikuwepo tu stoo?

Nikueleze la kwangu ili ujue siongei kutoka kwenye vitabu. Nilikuwa na miaka 26, saisi, yaani mtunza farasi, kwenye shamba moja huko huko upande wako, nikapewa dume mchanga mwekundu. Ndani ya wiki 2 alikuwa ananifuata kila mahali kwa sababu mfukoni nilikuwa na miwa iliyokatwa katwa, na mimi nikawatangazia wenzangu kwamba huyu ananijua. Nikampeleka barabarani. Kwenye kona ikaja pikipiki imebeba madumu ya maziwa yanagongana, na yule farasi katika sekunde ile miwa yangu haikumsaidia kitu, akageuka pale pale, mimi mtaroni, mtulinga umevunjika. Mfupa ulipona kwa wiki 7. Yeye alichukua masika nzima kukubali tena kupita ile kona, na hilo ndo linaniuma mpaka leo maana kosa lilikuwa langu na aliyelipa ni yeye.

Alikuwa anajua mfuko wangu. Alikuwa hajui kama nikiwepo mimi mambo huwa yanaenda salama. Na hiki cha pili ndo unachokitafuta wewe kwa Ukungu.

Miwa acha kwa sasa. Kumlisha mkononi mtoto wa farasi kunamfundisha kukupekua, na akipekua akakosa anang'ata. Ukitaka kumpa kitu weka kwenye ndoo.

Tuje kwenye kumkamata. Chukua ndoo tupu, ingia uwanjani bila kamba, igeuze, kaa. Basi. Dakika 20. Usimkodolee macho, angalia chini au fanya shughuli yako, menya njegere. Siku ya kwanza atakula majani mbali, ya pili atakuzunguka, siku fulani utasikia pumzi nyuma ya sikio lako, wala usigeuke kumshika, mwache anuse aondoke mwenyewe. Farasi ni mnyama wa kukimbia, Mungu kamuumba hivyo, macho yako pembeni ya kichwa anaona karibu mduara mzima isipokuwa mbele kabisa ya pua na nyuma ya mkia, kwa hiyo kitu kinachomfuata moja kwa moja kikimtazama usoni, kwake yeye kinamwinda. We ulivyokuwa unamfuata na kamba ulikuwa unamwambia hivyo bila kujua.

Akishazoea, msogelee kwa kupindapinda kuelekea bega. Akigeuza sikio au jicho kwako, simama, rudi hatua 1 nyuma. Hapa ndo watu wengi wanakosea, akiwatazama wanaona ndo nafasi ya kwenda haraka. Wewe ondoka. Kwake ile kuondoka ndo zawadi, anajifunza kwamba akikusikiliza presha inapungua. Kila kitu utakachomfundisha maisha yake yote kitajengwa juu ya hapo, unaomba kidogo, akijibu hata robo hatua unaachia ile sekunde ile ile. Ukichelewa kuachia sekunde 3 umeshamfundisha kitu kingine.

Ukifika begani usimpige makofi ya shingo kama watu wanavyofanya kwenye luninga, mnyama mwenzake hajawahi kumsalimia kwa kofi. Mkune. Kuna pale shingo inapoungana na mgongo, kama kinundu, mwisho wa zile nywele za shingoni, ndo farasi wenyewe wanapokunana kwa meno. Kuna utafiti wa Ufaransa uliochapishwa 1993, walikuna farasi sehemu ile wakapima mapigo ya moyo yakashuka, wakikuna sehemu nyingine hayashuki. Mkune kwa kucha, kwa nguvu kidogo, alafu angalia mdomo wa juu. Utaanza kurefuka, unachezacheza, unapinda upande mmoja kama wa mtu anayetaka kusema kitu akakisahau. Yale mikunjo juu ya jicho yanalainika, kichwa kinashuka mpaka usawa wa kifua chako, na ukikuna vizuri sana atageuka atake kukukuna na wewe kwa meno, hapo mrudishe shingo taratibu bila hasira maana hajakosea, anakulipa. Mimi nimefanya kazi hii zaidi ya miaka 20 na ule mdomo ukirefuka bado nafurahi kama siku ya kwanza.

La kusukuma na bega. Hakudharau, hajaambiwa mpaka wako uko wapi. Tumia kamba ndefu, mita 3 au 4, simama mbele yake, tikisa kamba kidogo, akirudi hatua 1 acha papo hapo, mkune. Tena. Usizidishe dakika 15, na ukipata kizuri maliza hapo hapo hata kama ni dakika ya 4, umtoe kamba uondoke wewe kwanza kabla hajaondoka yeye. Wiki 2 utamwongoza bega lake likiwa mbali na lako.

Shemeji mwambie kwa heshima, ng'ombe wake anawajua vizuri na mimi siwezi kumfundisha ng'ombe, lakini fimbo kwa farasi mchanga inampa sababu ya kuogopa mkono unaoinuka, na mkono huo huo ndo utamvalisha hatamu, ndo utamchoma sindano, ndo utamshika kwato kila wiki 6 mpaka 8 za kukata. Akiuogopa mkono mtapigana naye miaka 20.

Na kitu ambacho umekiandika mwishoni kama hakina uzito, kwamba yupo peke yake, mimi ndo kimenishtua kuliko nyonga. Farasi ili apate usingizi mzito lazima alale chini, na halali chini kama hajihisi salama, porini mwenzake anasimama anamlinda. Ng'ombe ni bora kuliko upweke ila hawajibu lugha yake. Tafuteni farasi mzee wa kukaa naye, hata aliyestaafu kubeba watu, na huyo huyo atamfundisha Ukungu mambo ambayo wewe utatumia miezi. Mkikosa, punda anafaa kiasi, ila mwiteni daktari wa mifugo amwone kwanza, punda anaweza kubeba minyoo ya mapafu bila dalili yoyote akampa farasi.

Badala ya kupanda, tembea naye. Kama unavyotembea na mtoto kwenda sokoni. Mafinga mna kila kitu cha kumfundisha, malori ya mbao, turubai zinapigwa na upepo, nguo kwenye kamba, bodaboda. Akisimama akakodoa, usimvute. Simama na wewe, mpe muda, akishusha kichwa au akitafunatafuna mdomo mtupu mrudishe nyuma hatua chache, alafu msogee tena. Ukimwondoa kwenye kitu cha kutisha kabla hajazidiwa, kesho atakisogelea mwenyewe. Na usichague asubuhi ya Juni au Julai yenye upepo na baridi ile ya kwetu, farasi kwenye baridi na upepo wanakuwa na moto mwilini kila kitu kinawashtua. Subiri saa 4 ukungu umepanda.

Kuhusu mikono kutetemeka. Mwili wako unakumbuka kupanda ila misuli haipo tena, na akili imekua, inajua nyonga ikivunjika nani atafungua duka la mbao. Hofu hiyo ina akili, usiifukuze. Huku kwetu Mufindi mpaka Iringa kuna mashamba na loji zenye farasi wa wageni, nenda kaombe yule mzee kuliko wote, lipia masomo kama 10, uvae helmeti inayobana vizuri, uanzie kutembea tu, baadae mchakamchaka, mwalimu ameshika kamba. Umwambie ukweli kwamba umeanguka. Ukihisi unabana pumzi, imba, imba pambio lolote la kwaya, mtu anayeimba hawezi kubana pumzi na farasi anasikia pumzi yako kupitia mapaja kabla hata wewe hujajua umeogopa. Mbinu hii ya pambio nimeitumia na akina mama wengi.

Ukungu akifika miaka 4 na kitu, meno ya pembeni yameanza kutoka, tandiko limepimwa, mtafutie mtu mwepesi mwenye uzoefu ampande kwanza wewe ukiwa kichwani kwake umeshika kamba. Akitafuta wa kumwangalia, atakuangalia wewe. Ukifika hapo niandikie.

SWALI

Mjomba habari, niko Njombe. Binti yangu wa miaka 16 kaanza tena farasi baada ya kuacha miaka 3, ana kafarasi kachanga anakapenda mno, sisi tuna parachichi ekari 2 na tukipogoa anampelekea majani kama zawadi ya urafiki. Nimesikia mbuzi hayawafai, je farasi?

JIBU

Leo leo akomeshe. Majani na magome ya parachichi ni sumu kwa farasi, yanashambulia misuli ya moyo na kichwa kinavimba, hasa midomo, ulimi na chini ya taya. Hata matunda na maganda asipewe. Na ile Hass mnayopanda wengi huko Njombe msidhani ina nafuu. Kama ameshakula na mnaona amevimba au anapumua kwa shida, msimtembeze, mwiteni daktari wa mifugo sasa hivi. Farasi hawezi kutapika kama mbwa, kilichoingia kimeingia.

Na kwa kuwa tuko kwenye chakula, wote mnaosoma, pumba ya mahindi yenye ukungu msimpe farasi hata kama ng'ombe anaila na kuendelea kutoa maziwa, kuna fangasi wa mahindi ambao sumu yake inaozesha ubongo wa farasi. Na chakula cha kuku kiwekwe mbali na kufuli, vingi vina dawa ya kuzuia kuhara damu ambayo kwa kuku ni sawa ila farasi akila kiasi kidogo tu inamuua kwa moyo. Mlinzi mmoja aliwahi kumwachia farasi mlango wa stoo ya kuku wazi usiku, asubuhi hatukuwa na farasi. Mwambie binti zawadi ni kukuna pale kwenye kinundu, asome jibu la dada wa Mafinga.

SWALI

Mjomba, tuko Uyole. Dume letu la miaka 3 nimemlea mwenyewe, ananisikiliza vizuri sana, ila tunataka kumpeleka kwa kaka Mbarali kwenye mashamba ya mpunga akae huko mwaka mzima, na kwenye Fuso hapandi kabisa, tumejaribu watu 6 na kamba. Tufanyeje apande?

JIBU

Angalau yeye kakataa. Kule bondeni kuna joto na maji yamesimama, vile vijidudu vidogo vinavyouma jioni mpaka alfajiri vinazaliana kwenye tope, ndo vinavyobeba ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, ambao farasi asiye na kinga mara nyingi hauponi, unaanza na homa, asubuhi mzima jioni povu linatoka puani. Huku juu baridi inatusaidia ingawa haituondolei kabisa. Na ukisogea upande wa pori la Ruaha kuna mbung'o. Chanjo ya ule ugonjwa ipo, ongea na daktari wa mifugo wa wilaya miezi kadhaa kabla, na kaka awe na banda lenye wavu, farasi aingie kabla jua halijazama atoke limeshachomoza vizuri. Kama hayo hayawezekani msimpeleke.

Kama yakiwezekana, wale watu 6 waende nyumbani. Amekuamini miaka 3, msiutumie urafiki huo kumvuta kwa nguvu kwenye shimo lenye giza. Paki Fuso kwenye mteremko nyuma ielekee upande wa juu, ngazi isiwe na mwinuko mkali, weka nyasi juu yake, fungua turubai mwanga uingie. Siku ya kwanza anuse ngazi, mrudishe akale. Siku ya tatu mguu 1, mrudishe. Siku ya saba kwangu mimi huwa miguu 2 ya mbele iko juu na anatafuna, na hapo hapo namshusha kabla hajaomba. Gari lisiwashwe mpaka ameingia na kutoka mara nyingi kwa hiari yake, na safari ya kwanza iishie Uyole hapo hapo, mzunguko wa dakika 10, ashuke kwenye uwanja wake.